Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mapigano na Kicheko katika Anime na Manga za Shonen

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wa namna mbili: wale ambao wameanza kutazama anime za mapigano hivi karibuni na wanashangaa kuona zimejaa vichekesho, na wale wanaowaona ndugu zao wakicheka mbele ya simu hadi usiku wa manane na wangependa kujua kuna nini humo. Mifano mingi imetoka katika Dragon Ball ya Akira Toriyama na One Piece ya Eiichiro Oda, kwa sababu hadithi hizi mbili ndizo zilizowafundisha wachoraji wengi kuchanganya ngumi na kicheko, na kwa sababu ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Shonen ni nini?

Kwa Kijapani neno hili lina maana ya mvulana, na katika biashara ya uchapishaji huko Japani huonyesha jarida limekusudiwa nani, wala halielezi hadithi inahusu nini. Majarida mawili ya kila wiki, Weekly Shonen Magazine la kampuni ya Kodansha na Weekly Shonen Sunday la kampuni ya Shogakukan, yaliingia sokoni siku moja, tarehe 17 Machi 1959, na Shonen Jump la kampuni ya Shueisha likafuata mwaka 1968. Hadithi inayotoka katika majarida ya aina hii huitwa shonen, iwe ni ya ndondi, ya mapishi, ya mpira wa kikapu au ya kupambana na mapepo. Manga ni kibonzo kilichochapishwa, na anime ni katuni ya kutazama, ambayo mara nyingi hutengenezwa baada ya manga kupata wasomaji wa kutosha.

Isidhaniwe kwamba wasichana hawamo. Wasomaji wa kike ni wengi, na baadhi ya mabingwa wa uwanja huu ni wanawake. Hiromu Arakawa aliyechora Fullmetal Alchemist ni mmoja wao, na mwingine ni Rumiko Takahashi, ambaye Ranma ½ yake ilitoka katika Shonen Sunday kuanzia mwaka 1987 hadi 1996. Humo kijana mpiganaji hugeuka msichana kila anapomwagiwa maji baridi, na baba yake hugeuka panda, hadi wapate maji ya moto. Hivyo dimbwi, mvua au ndoo iliyoachwa mlangoni inaweza kubadilisha mkondo wa pambano zima.

Kwa nini hadithi za mapigano zinachekesha kiasi hiki?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mtu aliyeweka msingi wa mtindo tunaoujua leo alipata umaarufu kwa vichekesho kabla ya kujulikana kwa mapigano. Kati ya mwaka 1980 na 1984 Toriyama alichora Dr. Slump, hadithi ya Arale, roboti mwenye sura ya msichana mdogo aliyevaa miwani, ambaye ana nguvu za kupindukia lakini hana habari nazo, kiasi kwamba anaweza kuipiga ardhi ngumi moja, dunia ikapasuka vipande viwili, naye akaona ni mchezo tu. Alipoanza Dragon Ball mwishoni mwa mwaka 1984, Toriyama alihamishia mzaha huo wote katika hadithi ya safari. Goku ni mtoto wa porini mwenye mkia, hajawahi kumwona msichana, na siku anapokutana na gari kwa mara ya kwanza analinyanyua na kulitupa akidhani ni mnyama mkali. Msako wa mipira saba inayotimiza matakwa ya anayeikusanya ungeweza kuishia kwa vita kuu ya kuokoa dunia. Badala yake, mfalme mdogo aliyetaka kuitawala dunia anapofungua kinywa kutaja ombi lake, nguruwe mmoja mwoga anayeitwa Oolong anamwahi kwa kupaza sauti na kuomba nguo ya ndani ya kike. Ombi linakubaliwa, na dunia inaokolewa kwa upuuzi huo.

Ustadi wa kweli, hata hivyo, uko mahali pengine. Mchoraji wa kawaida huweka kichekesho kati ya pambano na pambano, ili msomaji apumzike. Mchoraji hodari hukiweka ndani ya pambano lenyewe, kikawa ndicho kinachoamua mshindi. Katika mashindano ya kwanza ambayo Goku na rafiki yake Krillin wanashiriki, Krillin anapangwa na Bacterian, jitu ambalo halijawahi kuoga tangu lizaliwe na ambalo silaha yake kubwa ni harufu. Krillin analemewa, anaanguka, na mwamuzi anaanza kuhesabu. Hapo Goku anamkumbusha kwa sauti kwamba yeye hana pua. Msomaji anarudi kuutazama uso huo alioufuatilia wiki baada ya wiki, na kweli, Toriyama hakuwahi kumchorea pua. Krillin anatambua kwamba harufu aliyokuwa akiisikia aliijenga mwenyewe kichwani, anainuka na kushinda. Pambano limefuata kanuni zake bila kudanganya, limemalizika kwa sababu iliyokuwa wazi mbele ya macho yetu tangu mwanzo, na papo hapo ni mojawapo ya vichekesho bora nilivyowahi kuvisoma.

Mafunzo nayo yamejengwa kwa ufundi huohuo. Mzee Roshi, mwalimu wa Goku na Krillin, hawafundishi kwanza mapigo yoyote ya siri. Anawaamsha alfajiri wagawe maziwa nyumba kwa nyumba huku wakikimbia na kurukaruka, kisha walime mashamba kwa mikono mitupu, wafanye kazi ya kibarua kwenye ujenzi na waogelee ziwani wakifukuzwa na papa, na muda wote huo wamebeba magamba ya kobe yenye uzito wa kilo 20 mgongoni, ambayo baadaye yanakuwa ya kilo 40. Sisi tunacheka, lakini kazi inafanyika. Siku wanapoyavua magamba hayo wanaruka juu kuliko walivyowahi kufikiri, na furaha yao inatuambukiza kwa kuwa tuliwaona wakitoka jasho kwa ajili yake.

Je, ni kweli kwamba filamu za Jackie Chan zilichangia?

Ni kweli, na jambo hili linapaswa kuwagusa wasomaji wa Afrika Mashariki waliokulia kwenye vibanda vya video, ambako filamu za kung fu zilikuwa chakula cha kila siku. Toriyama alikuwa shabiki mkubwa wa Drunken Master, filamu ya mwaka 1978 ambamo Jackie Chan anajifunza kupigana kwa mtindo wa mlevi. Mwaka 1983 alichora hadithi fupi iitwayo Dragon Boy kutokana na mapenzi hayo, na kutoka hapo ikazaliwa Dragon Ball, ambayo pia iliazima jina la shujaa na baadhi ya wahusika kutoka katika ngano ya kale ya China ya mfalme wa nyani anayesafiri kuelekea magharibi.

Shukrani zake alizitoa kwa njia ya mzaha. Katika mashindano niliyoyataja, Mzee Roshi anaingia ulingoni kwa siri akiwa amejibadilisha sura, na jina analojipa ni Jackie Chun. Katika fainali anampiga Goku kwa mtindo wa mlevi. Sababu yake ya kushiriki ni ya ualimu: anahofia kwamba wanafunzi wake wakishinda kirahisi watabweteka na kudhani wamefika. Fainali hiyo inapita kwenye kila aina ya mbwembwe, ikiwa ni pamoja na Goku kugeuka nyani mkubwa kama jengo kwa nguvu za mbalamwezi, na mzee kulazimika kuulipua mwezi wenyewe ili kumzuia. Baada ya hapo mwamuzi anauliza iwapo wanaendelea, nao wanaendelea.

Sote tunajua kwamba stelingi hafi. Kwa nini basi tuendelee kutazama?

Kwa sababu hadithi hizi hazikuahidi kukuficha nani atashinda. Zilichokuahidi ni kukuonyesha atashindaje, na hapo ndipo akili ya mchoraji inapopimwa. Fikiria Luffy wa One Piece, haramia kijana aliyekula tunda lililougeuza mwili wake kuwa mpira wa kuvutika, na ambaye kwa mamia ya kurasa uwezo huo umeonekana kuwa wa kuchekesha kuliko kuogofya. Katika kisiwa cha mawinguni anakutana na Enel, mtawala anayejiita mungu, anayeweza kugeuka radi na kumchoma mtu yeyote akiwa mbali. Kila mpiganaji ameshaanguka mbele yake. Enel anamrushia Luffy radi, anaongeza nyingine, na Luffy amesimama palepale bila hata kuungua, kwa sababu mpira haupitishi umeme. Uso wa Enel wakati huo, macho yametoka, taya limeanguka, kamasi linachuruzika puani, ni mchoro unaojulikana na mashabiki duniani kote. Oda alipanda mbegu ya kichekesho hicho katika sura ya kwanza ya hadithi yake, mwaka 1997, na akaivuna miaka kadhaa baadaye bila kubadilisha kanuni hata moja.

Kama kila kitu ni kicheko, uzito uko wapi?

Uko ndani ya kicheko, na hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji mpya alielewe kuliko mengine yote yaliyo katika ukurasa huu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Brook, mwanamuziki wa kundi la Luffy, ambaye ni mifupa mitupu yenye nywele nyingi nyeusi zilizofura kama mwavuli. Kila mara husema kwamba macho yanamtoka, kisha huongeza kwamba hana macho. Au kwamba moyo unamdunda, ingawa hana moyo. Ni mzaha mmoja unaorudiwa, na mwanzoni unaweza kumchosha mtu. Kisha tunaambiwa kwamba wenzake wote walikufa melini, kwamba yeye alirudi katika uhai kwa nguvu ya tunda alilokula, akakuta amebaki mifupa, na kwamba alielea peke yake ndani ya ukungu kwa takriban miaka 50 bila mtu wa kuzungumza naye. Alibaki hai kwa sababu ya ahadi aliyompa nyangumi mdogo, kwamba wangerudi kumchukua, na nyangumi huyo msomaji alishakutana naye zamani, ameshakuwa mkubwa kama mlima, angali anasubiri mahali alipoachwa. Tangu ukurasa huo, kila utani wa Brook unasomeka kwa namna nyingine. Mzaha wake ndio uliomzuia asipoteze akili.

Oda asingeweza kutufikisha hapo kwa kutuhuzunisha tangu mwanzo. Msomaji anayetazamia msiba hujikinga, ilhali msomaji anayecheka ameacha milango wazi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba shonen ni nyepesi kwa maana ya kukosa kitu. Wepesi huu una kazi, umefikiriwa, na ni mgumu kuuandika kuliko huzuni.

Kwa nini kila shujaa ni mlafi?

Goku hula mabakuli yaliyorundikwa kuliko kimo chake, Naruto, shujaa wa hadithi yenye jina hilohilo, hana penzi kubwa kama supu ya tambi za ramen, na Luffy humnyang'anya nyama yeyote aliyekaa karibu naye mezani. Kwanza, mlo huchekesha kirahisi katika lugha yoyote. Pili, mlo ni njia ya kumwonyesha mpiganaji hodari akiwa binadamu wa kawaida mwenye njaa. Katika One Piece jambo hili linakwenda mbali zaidi: Sanji, mpishi wa kundi, humlisha mtu yeyote mwenye njaa hata akiwa adui, kwa kuwa utotoni aliwahi kukwama kwenye mwamba baharini akakaribia kufa njaa. Vita kubwa zinapomalizika, kwa kawaida maharamia na wenyeji hufanya karamu pamoja, na Oda huichora kwa umakini uleule anaouchorea mapigano.

Kwa nini nywele za Goku hugeuka rangi ya dhahabu?

Mashabiki wana maelezo mengi ya kina kuhusu nguvu zake, lakini sababu ya Toriyama ilikuwa ya kikazi. Manga nyingi huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na nywele nyeusi za Goku zilimlazimu msaidizi wake kuzijaza kwa wino katika kila picha. Goku anapogeuka Super Saiyan, yaani umbo lake lenye nguvu za ziada, nywele huachwa nyeupe, na kazi hiyo ikapungua. Katika anime weupe huo ukawa dhahabu. Ninaupenda ukweli huu, kwa kuwa unaonyesha jinsi mojawapo ya sura zinazotambulika zaidi katika katuni duniani ilivyotokana na watu waliokuwa wakikimbizana na muda.

Je, wachoraji hupanga hadithi nzima tangu mwanzo?

Wachache hufanya hivyo. Sura moja ya wiki huwa na takriban kurasa 19, na jarida la Jump huwa na kadi ya posta ambayo msomaji huijaza kutaja hadithi zilizompendeza katika toleo hilo. Hadithi inayoshindwa kupata kura za kutosha husitishwa, wakati mwingine baada ya miezi michache tu. Mwishoni mwa mwaka 1994 toleo moja la jarida hilo lilichapishwa nakala zaidi ya milioni 6.5, kwa hiyo mashindano yalikuwa makali, na wahariri walikuwa na sauti kubwa. Kazuhiko Torishima, aliyekuwa mhariri wa kwanza wa Toriyama, alipoona maadui wapya ni mzee mmoja na mnene mmoja, alilalamika, na Toriyama akawaleta wengine badala yao. Wale waliobezwa wakabaki vibaraka wa kupita njia. Mtu akisoma sehemu hiyo ya Dragon Ball akijua habari hii, ataona jinsi mchoraji anavyobadilisha mwelekeo mbele ya macho yake bila kuanguka.



Kwa nini pambano moja linaweza kuchukua vipindi chungu nzima?

Anime ya kila wiki hula kurasa haraka kuliko mchoraji anavyoweza kuzitoa, hivyo watengenezaji hulazimika kurefusha mitazamo, kurudia matukio yaliyopita au kubuni visa ambavyo havimo katika manga. Dragon Ball Z ilifikisha vipindi 291 kati ya mwaka 1989 na 1996, na sayari ya Namek, iliyobakiza dakika tano ilipuke, ilichukua vipindi kadhaa kulipuka. Mwaka 2009 lilitoka toleo lililofupishwa, Dragon Ball Kai. Asiye na subira asome manga, ambayo mwendo wake ni wa kasi na vichekesho vyake havijatiwa maji.

Je, zinafaa kwa watoto?

Mzazi asitosheke na kuona kwamba ni katuni. Shonen huwalenga zaidi wavulana walio katika umri wa kubalehe na wanaoukaribia, na hadithi hutofautiana sana. Filamu ya Demon Slayer ya mwaka 2020, iliyovunja rekodi ya mapato ya sinema nchini Japani, ina vichwa vinavyokatwa na damu nyingi, na huko kwao watoto walio chini ya miaka 12 walishauriwa kuitazama wakiwa na mwongozo wa mzazi. Captain Tsubasa, hadithi ya soka iliyoanza mwaka 1981, haina tatizo hilo, na mtoto anayependa mpira ataifurahia kwa jinsi kiki moja inavyoweza kupinda nyavu.

Je, hakuna mizaha inayokera?

Ipo, na anayezipenda hadithi hizi anapaswa kuisema. Mzee Roshi huwachungulia na kuwasumbua wanawake, na jambo hilo linachukuliwa kuwa kichekesho. Sioni haja ya kulitetea. Mr. Popo wa Dragon Ball, mhudumu mweusi tii mwenye midomo minene iliyokolezwa, amechorwa kwa kufuata vikaragosi vya zamani vilivyowadhihaki watu weusi, na katika toleo moja lililorushwa Marekani alibadilishwa rangi akawa wa buluu. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kukereka, na ana haki pia ya kuendelea kuifurahia hadithi huku akijua kwamba mchoro huo haukustahili kuwapo.

Nianzie wapi, na nisome wapi kihalali?

Anza na juzuu ya kwanza ya Dragon Ball. Nzima ina juzuu 42, na zile za mwanzo, kabla hadithi haijawa ya vita vya sayari, ndizo zenye furaha isiyo na doa. Anayeogopa urefu wa One Piece, ambayo imepita juzuu 100, anaweza kwanza kuutazama mfululizo wa waigizaji ulioanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2023, uliopigwa picha Cape Town, Afrika Kusini, ingawa vichekesho vya Oda vina nguvu zaidi vikiwa katika wino.

Kampuni ya Shueisha ina programu ya simu iitwayo Manga Plus, iliyozinduliwa Januari 2019, ambayo humruhusu msomaji kusoma bure sura za mwanzo na za karibuni kabisa za hadithi nyingi za Jump. Kiingereza kimo, Kifaransa kimo, ila Kiswahili bado. Kurasa husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na ndani ya ukurasa picha hufuatana kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo anayefungua kibonzo na kuona adui ameanguka kabla ya kupigwa ageuze upande wa kusoma.